Nguvu Ipo, Mpangilio Ndio Umevurugika: Kwa Nini Aliyeumia Ubongo Hupepesuka

Baba yangu mdogo ni fundi cherehani wa miaka zaidi ya thelathini. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano huku akipiga soga na mteja, hata haangalii. Miezi minne baada ya kuugua nilimkuta kwenye kiti chake kilekile, sindano mkono wa kushoto, uzi mkono wa kulia, anajaribu. Mkono uliondoka pajani vizuri. Ulipokaribia sindano ukaanza kuyumba huku na huku, na kadiri ncha ya uzi ilivyosogelea tundu ndivyo mtikisiko ulivyozidi, hadi uzi ukapita pembeni na kumgusa kidole cha mkono wa pili. Akaurudisha mkono pajani. Ukatulia tuli. Akajaribu tena.

Nikampa kiganja changu nikamwambia, "Baba, hebu nibane." Alinibana mpaka nikaomba aniachie.

Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Tumezoea kwamba ubongo ukiumia mtu anapooza: mdomo umepinda, mkono unaning'inia, mguu unaburutwa. Kuna madhara mengine ambayo hayalegezi msuli hata mmoja, lakini mtu hawezi kutembea sawasawa, hawezi kufunga kifungo cha shati, hafikishi kikombe mdomoni bila kumwaga, na maneno yanamtoka yamevutika kama ya mlevi. Madaktari huita hali hiyo ataksia, neno la Kigiriki lenye maana ya kukosa mpangilio. Ataksia yenyewe ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Aliye nayo anahitaji kuulizwa swali moja ambalo mara nyingi haulizwi: ni nini kimeharibu mpangilio wake?

Ubongo wa kisogoni

Pitisha mkono nyuma ya kichwa, juu kidogo ya shingo, pale kisogo kinapotokeza. Ndani ya mfupa huo kuna serebelamu, wengine huiita ubongo mdogo. Ni mdogo kweli kwa uzito, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya ubongo wote. Lakini mwaka 2009 watafiti wa Brazil, akiwemo Suzana Herculano-Houzel, walihesabu seli za neva za ubongo wa binadamu wakapata kama bilioni 86, na kati ya hizo bilioni 69 zilikuwa humo kisogoni. Kipande kile kidogo kina seli nyingi kuliko sehemu nyingine zote za ubongo zikijumlishwa.

Kazi gani inahitaji seli zote hizo? Chukua jambo dogo kama kunyanyua kikombe cha chai. Ubongo mkubwa unatoa amri: mkono nenda. Mkono una uzito, ukishaanza kwenda unataka breki, na breki hiyo lazima ifungwe kabla ya kufika. Ukisubiri macho yakuambie "umefika", umeshachelewa na kikombe kimeshagongwa, kwa sababu habari kutoka mkononi na machoni huchukua muda kusafiri. Kwa hiyo serebelamu inabashiri. Inapokea nakala ya amri iliyotolewa, inapokea taarifa kutoka kwenye misuli, viungo, macho na sikio la ndani, inalinganisha, kisha inarekebisha mwendo kabla kosa halijaonekana. Haiamrishi chochote yenyewe. Inachofanya ni kuweka kila kitu katika wakati wake.

Aliyewahi kushonea cherehani ya kukanyaga ataelewa haraka. Mguu unatoa mwendo, mkono mmoja unaanzisha gurudumu, mkono wa pili unaongoza kitambaa. Mguu una nguvu, mikono ina nguvu, cherehani ni nzima. Lakini mguu ukitangulia kidogo tu, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Anayelinganisha mguu na mikono ni serebelamu, na ndiyo maana mwanafunzi wa kushona huteseka wiki za mwanzo halafu siku moja anajikuta anakanyaga bila kufikiri.

Serebelamu ikiumia, ubashiri unakufa. Mtu anabaki kuendesha mwili wake kwa kusubiri: anapeleka mkono, anaona umepitiliza, anaurudisha, unapitiliza upande wa pili. Ule mtikisiko wa baba mdogo karibu na tundu la sindano ulikuwa mlolongo wa marekebisho yaliyochelewa, na ulizidi mwishoni kwa sababu mwishoni ndipo usahihi unapohitajika. Ugonjwa wa Parkinson ni kinyume chake. Mkono wa mwenye Parkinson kwa kawaida hutikisika ukiwa umepumzika pajani, na hupungua anapoupeleka kushika kitu. "Mikono inamtetemeka" ni maneno mawili tu, lakini yanaweza kuwa magonjwa mawili yenye tiba tofauti kabisa. Ukimpeleka mzee hospitali, mwambie daktari mkono unatetemeka wakati gani.

Elimu hii ni ya zamani. Mwaka 1824 Mfaransa Pierre Flourens alieleza jinsi alivyowaondoa njiwa serebelamu, safu baada ya safu. Njiwa walikuwa wanaona, wanasikia, wanapigapiga mabawa, lakini hawakuweza kusimama vizuri wala kuruka. Karibu karne moja baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, daktari mzaliwa wa Ireland, Gordon Holmes, aliwachunguza askari waliopigwa risasi kisogoni katika medani za Ufaransa, na maelezo yake bado yanafundishwa. Mgonjwa wake mmoja alimweleza kwamba mkono wake wa kushoto hufanya kazi wenyewe, lakini wa kulia lazima aufikirie kila hatua. Sijasoma maelezo bora zaidi ya ataksia. Kile ambacho wewe na mimi tunapewa bure, yeye anakinunua kwa mawazo, hatua kwa hatua, kutwa nzima. Ndiyo maana watu hawa huchoka sana ifikapo jioni, na ndugu zao husema ni wavivu.

Holmes alionyesha pia kwamba jeraha la upande wa kulia wa serebelamu huharibu mkono na mguu wa kulia. Ubongo mkubwa unaongoza upande wa pili wa mwili, huu wa kisogoni unaongoza upande wake. Tena sehemu yake ya katikati inashughulikia kiwiliwili na mwendo, za pembeni zinashughulikia mikono na miguu. Hapo kuna mtego. Mtu akiumia katikati tu, akilala kitandani anaweza kufaulu kila kipimo: anashika, anasukuma, anagusa pua yake vizuri. Ukimsimamisha anaanguka. Kwa hiyo mgonjwa wa kizunguzungu aliyechunguzwa akiwa amelala, bila kusimamishwa na kutembezwa hatua tatu nne, hajachunguzwa. Nalisema hili kwa uchungu, na sababu utaiona.

Wengine huyumba kwa sababu nyingine

Usawa wa mwili una mashahidi watatu: macho, sikio la ndani, na hisia zinazopanda kutoka nyayo na viungo kupitia uti wa mgongo. Serebelamu ni hakimu anayewasikiliza wote. Mtu anaweza kuyumba kwa sababu hakimu ni mgonjwa, au kwa sababu shahidi mmoja amenyamaza.

Mjerumani Moritz Romberg, katika karne ya 19, alitoa jina lake kwa kipimo kisichohitaji mashine. Mtu anasimama miguu pamoja, kisha anafumba macho. Aliyepoteza hisia za miguu, iwe kwa kisukari, upungufu wa vitamini B12 au kaswende iliyokaa miaka mingi, husimama vizuri akiwa anaona, na hupepesuka mara tu anapofumba, maana alikuwa anaegemea shahidi mmoja tu. Watu kama hao husimulia kwamba huanguka wakinawa uso au wakiamka usiku umeme ukiwa umekatika. Mwenye serebelamu mbovu huyumba hata macho yakiwa wazi. Ukimfanyia mtu kipimo hiki nyumbani, simama karibu, mikono tayari kumdaka.

Sikio la ndani likiugua, dunia inazunguka, mtu anatapika, na kugeuza kichwa kunazidisha. Lakini mara nyingi bado anaweza kutembea, hata kama ni kwa kushikilia ukuta.

Niitaje pia konzo, maana huchanganywa sana na hali hii. Jina limetoka katika lugha ya Kiyaka ya Kongo na lina maana ya miguu iliyofungwa. Huwapata watu wanaokula kwa muda mrefu mihogo michungu ambayo haikulowekwa na kukaushwa vya kutosha, hasa wakati wa ukame na njaa, na mwaka 1985 ililipuka mkoani Mara, Tanzania. Mwenye konzo anatembea kwa shida kwa sababu miguu imekakamaa. Mwenye ataksia miguu yake imetulia, haijakakamaa, lakini haielewani.

Asubuhi ile

Baba mdogo aliamka kwa ajili ya sala ya alfajiri. Alipoinama kutia udhu dunia ikazunguka, akatapika, akaangukia upande wa kulia. Walipomwinua hakuweza kusimama hata kwa kushikwa na mtu mmoja. Mdomo haukupinda. Alinyanyua mikono yote miwili. Aliongea, ingawa sauti ilikuwa nzito. Nani angefikiria kiharusi? Zahanati walimtundikia dripu na kumpa dawa ya malaria. Mtu anayetapika alfajiri katika mji wetu, malaria ndiyo wazo la kwanza, na aliyempokea hakuwa na mashine wala mwalimu wa kumwambia mengine. Siku ya tatu akawa analala kupita kiasi. Ukimwamsha anafungua macho, anayafunga tena.

Kilichokuwa kikiendelea ni hiki. Mshipa wa damu unaolisha serebelamu ulikuwa umeziba, na sehemu iliyokufa ilikuwa inavimba. Chumba cha serebelamu ni kifinyu, mfupa nyuma na pembeni, na mbele yake kuna shina la ubongo, linaloendesha pumzi na kutuweka macho. Uvimbe ukizidi unakandamiza shina hilo, na unaziba njia ya maji ya ubongo. Kwa kawaida hali hiyo hufika kilele kati ya siku ya pili na ya nne, ndiyo maana mgonjwa aliyeonekana ana nafuu siku ya kwanza anaweza kuzimika ya tatu. Kinachomwokoa ni kufunguliwa mfupa wa kisogo ili uvimbe upate nafasi. Huo ni upasuaji wa hospitali kubwa, kama MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, au Kenyatta jijini Nairobi, na ukifanywa mapema wengi hurudi kwenye maisha yenye maana. Yeye aliuwahi kwa saa chache.

Kuna jambo la kipimo ambalo familia zinapaswa kulijua. CT, picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa eksirei, katika saa za mwanzo inaweza kutoka safi, kwa sababu kidonda bado ni kipya na mifupa minene ya eneo lile inaharibu picha. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huona vizuri zaidi, ingawa nayo huweza kukosa kidonda kidogo siku ya kwanza. CT safi kwa mtu asiyeweza kusimama haimaanishi arudishwe nyumbani. Inamaanisha aangaliwe.

Tumefundishwa kiharusi kwa uso, mkono na maneno. Ongezeni usawa na macho. Kizunguzungu cha ghafla pamoja na kushindwa kabisa kusimama au kukaa wima, kuona vitu viwiliviwili, maneno kuwa mazito, mkono mmoja kukosa shabaha, maumivu mapya makali ya kisogo: lolote kati ya haya likija pamoja na kizunguzungu, mpelekeni hospitali yenye CT siku hiyohiyo. Na kwa aliye mzima bado, presha ipimwe. Ndiyo chanzo kikubwa, na baba mdogo alikuwa ameacha vidonge vyake kwa sababu "najisikia vizuri".

"Mzee kalewa asubuhi yote hii"

Alipoanza kutembea tena, miguu ikiwa imetanuka na mwili ukivutwa kulia, kondakta wa daladala alikataa kumpakia. Watu wa kituoni walicheka. Huyu ni mtu ambaye pombe haijawahi kugusa ulimi wake. Siku hizi hutembea na barua ya daktari mfukoni, imekunjwa mara nne, na inaniuma kila ninapoiona.

Kufanana kwenyewe ni kwa kweli. Pombe hupumbaza serebelamu, na kile kipimo cha askari wa barabarani cha kumtembeza mtu juu ya mstari, kisigino kikigusa vidole, ni kipimo cha serebelamu. Anayekunywa miaka mingi huweza kuua seli za sehemu ya katikati, na mwendo wake unabaki kuyumba hata akiwa hajaonja kitu. Kuna hatari nyingine ya haraka zaidi kwake: upungufu wa vitamini B1. Mwaka 1881 Carl Wernicke alieleza utatu wake: kuchanganyikiwa, macho kushindwa kugeuka vizuri, na kuyumba. Dawa ni sindano ya thiamini, na itolewe kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo, kwa kuwa sukari peke yake inaweza kuzidisha madhara. Hali hii haiwapati walevi tu. Mjamzito anayetapika wiki baada ya wiki yumo hatarini, na mtu yeyote ambaye kwa muda mrefu hajashika chakula.

Dawa za hospitali nazo. Fenitoini imewasaidia watu wengi wenye kifafa, lakini ina tabia ngumu: ini likishafikia uwezo wake wa kuichakata, nyongeza ndogo ya dozi inaweza kupandisha kiwango chake kwenye damu mara mbili. Isoniazidi, inayotumika kutibu na kuzuia kifua kikuu, inaweza kukipandisha pia. Mgonjwa anaanza kuyumba, macho yanachezacheza, ulimi unakuwa mzito, na nyumbani wanasema kifafa kimemharibu akili. Hapo arudi kliniki dozi iangaliwe. Asiache dawa ghafla, kwani kifafa kinaweza kumrudia mfululizo bila kukatika. Fenitoini ikizidi kwa muda mrefu, serebelamu husinyaa, na hilo halirudi nyuma.

Majeraha ya kichwa ya bodaboda, kifua kikuu cha ubongo, maambukizi yanayopata mwanya kwa mtu mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa, malaria iliyopanda kichwani: vyote hivi vinaweza kuacha ataksia nyuma yake. Zipo pia za kurithi. Ile ya Friedreich, iliyoelezwa mwaka 1863, jeni lake lilipatikana 1996, na mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa yake ya kwanza, omaveloksoloni, ambayo hupunguza kasi ya ugonjwa tu. Nyingine huanza utu uzimani na kupita kutoka kwa mzazi hadi mtoto. Kama babu aliyumba, baba akayumba, na sasa kaka mkubwa ameanza, hiyo ni damu ya ukoo. Hakuna jirani aliyewaroga.

Kwa watoto nitasema mawili. Mtoto mdogo aliyepona tetekuwanga au homa wiki moja mbili zilizopita anaweza kuamka asubuhi anayumba kama mtoto anayejifunza kutembea. Inatisha, na lazima daktari amwone, lakini mara nyingi hupona ndani ya wiki kadhaa. Lakini mtoto ambaye kuyumba kwake kunakuja polepole, akilalamika kichwa asubuhi, akitapika kabla hajala, huyo msimpe dawa za minyoo na kungoja. Kwa watoto uvimbe wa ubongo hupenda kuota eneo hilihili la kisogoni. Apigwe picha.

Kujifunza upya

Hakuna kidonge cha kurudisha seli za serebelamu zilizokufa. Lakini kiungo hiki kazi yake ni kujifunza, na kilichobaki kinaendelea kujifunza. Mwaka 2014 madaktari wa China waliandika habari za mwanamke wa miaka 24 aliyezaliwa bila serebelamu kabisa. Alichelewa sana kutembea, hadi miaka 7, na mwendo wake haukuwa imara, lakini alitembea, aliongea na aliolewa. Alikuwa na faida ya utoto, ubongo wake ulipanga njia nyingine tangu mwanzo. Mtu mzima hana faida hiyo yote, ila si mkono mtupu. Mwaka 2009 Winfried Ilg na wenzake Ujerumani waliwafanyisha wagonjwa 16 mazoezi makali ya usawa na mpangilio kwa wiki nne, na wale wenye tatizo la serebelamu hasa walipata mwendo bora, ingawa ugonjwa wao ulikuwa wa kuendelea.

Mazoezi yenyewe ni ya kuchosha kuyatazama: kusimama mguu mmoja ukiwa umeshika meza, kupiga hatua kando, kugeuka polepole, kuinama na kuinuka, kila siku, kwa miezi. Mtaalamu wa fiziotherapia ayapange, halafu nyumbani yaendelee. Mgonjwa akipaliwa mara kwa mara anywapo maji, daktari aambiwe haraka, kwa sababu chakula kikiingia mapafuni kinaua. Nyumbani, mkeka wenye ncha zilizokunjika utolewe, bafuni pawekwe kiti cha plastiki kizito na bomba la kushikilia ukutani, kikombe kisijazwe. Na kitu kimoja ambacho kwetu kilibadilisha mengi: kiwiko kiegemee. Mkono ulioegemezwa una viungo vichache vya kupanga, na mtikisiko unapungua palepale.

Baba mdogo sasa anakata kitambaa akiwa amebana viwiko vyote viwili mezani. Mjukuu wake humtungia uzi kabla ya kwenda shule, na sindano za mkono kumi huzichomeka zikiwa tayari kwenye kifuko cha pamba kando ya cherehani. Kukanyaga kumemrudia nusu. Anahesabu kwa sauti, moja, mbili, moja, mbili, mguu ufuate. Wateja wakimsemesha anawaonyesha kiganja wasubiri, maana akijibu tu hesabu inampotea na gurudumu linarudi nyuma. Akimaliza mshono ndipo anainua uso na kusema, "Haya, ulikuwa unasemaje?"